Watoto wa Yaya

Machi 4

Mvua imeanza leo, siku niliyoanika viatu vyangu vyote nje. Meneja amepiga marufuku malalamiko kwenye kundi la simu la ofisi, eti tunavunjana moyo. Basi ya kwangu nitayaandika hapa, ambapo hakuna wa kuvunjika moyo isipokuwa mimi mwenyewe.

Huu ni msimu wangu wa kwanza katika ofisi ya tahadhari ya mto. Kazi yenyewe, ukiondoa makeke, ni kutazama ukuta. Ukutani kuna kioo kikubwa chenye taa tano, na kila taa ni sanduku la kupima maji lililofungwa kando ya mto. La juu kabisa ni Msituni, kisha Maporomoko, kisha Kinu, kisha Machimbo, na la mwisho ni Daraja, hapa hapa mjini. Kijani maana yake sanduku linazungumza na maji ni ya kawaida. Nyekundu maana yake maji yamepanda, au sanduku limenyamaza. Nyekundu ikikaa robo saa bila kubadilika, king'ora hulia chenyewe na watu wa nyumba za chini hukimbilia kilimani.

Nyumba za chini ndiko anakokaa dada yangu, na mama yuko kwake. Tangu mama apooze upande wa kulia, kumtoa nje kunataka watu wanne na muda wa kutosha. Dada hana mchezo na jambo hilo. Hunipigia kila asubuhi kabla sijaketi, na swali ni lile lile: ukuta unasemaje? Leo nimemjibu kwamba zote ni kijani.

Machi 6

Mvua. Fundi wetu mkuu, tunayemwita Mzee Koti kwa sababu havui koti hata jua likiwaka, amenionyesha nyaya zisizoguswa. Ni karibu zote.

Machi 9

Radi imepiga Maporomoko. Nilipofika kazini taa ilikuwa nyekundu, nikaanza kutafuta mabuti nikijua tunapanda huko. Mzee Koti akacheka. Barabara imekatika, akasema, na sanduku moja lisitutoe roho. Akanipeleka chumba cha nyuma.

Huko chini ya meza kuna kompyuta ya zamani, yenye kadi moja ya mtandao na waya mmoja. Inaitwa Yaya. Mzee akanieleza kwamba programu inayoendesha ukuta iliandikwa na watu ambao hawapo tena, na hakuna anayethubutu kuigusa. Hiyo programu haijui masanduku. Inajua anwani tu, zile ambazo kila kadi hutoka nazo kiwandani kama alama za vidole. Sanduku likifa, unaichukua anwani yake unampa Yaya, kadi yake ile ile moja inaanza kuitikia majina mawili, na ukuta haushtuki.

"Anayejibu kwa anwani ya Maporomoko ndiye Maporomoko," akaniambia. "Sisi tunamlea tu mpaka barabara ipitike."

Nikauliza Yaya atajuaje maji ya huko yamefika wapi. Akasema humtazama jirani wa karibu aliye kijani, huchukua kipimo chake, huongeza au kupunguza kidogo, basi. Unaandika jina la sanduku, unabonyeza, umemaliza. Hata Meneja angeweza, akasema, na tukacheka wote wawili.

Nimefanya kazi za mitandao tangu nimalize chuo, na kadi yenye anwani zaidi ya moja si ajabu kwangu. Lakini sijawahi kuona ikifanywa kwa upole namna hii. Nimerudi nyumbani nikimsifu yule mzee kama nimemzaa mimi.

Machi 13

Mvua. Dada kapiga. Kijani.

Machi 16

Leo nimeelewa kwa nini Mzee Koti anaogopa taa nyekundu kuliko anavyoogopa mto.

Nilimtania kwamba analea masanduku kuliko watu wanavyolea wajukuu. Hakucheka. Akaniambia miaka michache nyuma mchwa walikula waya wa sanduku mojawapo, taa ikawa nyekundu na king'ora kikalia. Siku hiyo maji yalikuwa hayafiki magotini. Watu wote wa chini wakakimbilia daraja kwa pamoja, na mwanamke mmoja muuza mkaa akaanguka, wakamkanyaga.

"Sikuwa namjua," akasema. "Nilikuja kumjua pale."

Kulea kulianza baada ya hapo. Nilitamani nimshike mkono lakini si mtu wa kushikwa mkono. Nikamwongezea sukari kwenye chai, akainywa yote.

Machi 21

Lori la kokoto limegonga nguzo ya Machimbo. Mzee Koti alikuwa na homa, kwa hiyo Machimbo nimemlea mimi mwenyewe. Kufumba na kufumbua taa ikarudi kijani. Nilijiona fundi hasa.

Machi 24

Mvua, mvua, mvua. Kuta za chumba changu zimeota ukungu. Barua pepe kutoka makao makuu: sisi ndiyo ofisi pekee ambayo haijapoteza sanduku hata moja msimu huu. Meneja ameibandika mlangoni.

Machi 28

Wezi wamebeba betri ya Msituni. Huyo naye kaenda kwa Yaya. Sasa ana watatu kwenye kadi moja, na kwenye waya huo mmoja taa yake ndogo inapepesa kama mtu mwenye mchanga machoni.

Nilimwendea Meneja nikamwomba gari twende kutengeneza angalau moja. Meneja si mtu mbaya. Ana sauti ya pole na hukumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Lakini aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akaniuliza kwa nini atume gari kwenye barabara inayoporomoka kwa ajili ya sanduku la kijani. Fomu ya gari ina sehemu ya kueleza tatizo, na tatizo tulikuwa tumeshalificha sisi wenyewe.

Aprili 2

Kijani.

Aprili 5

Sijui ni mimi tu. Mvua ya leo ilikuwa na sauti nyingine, nzito, na mara moja nilisikia mngurumo kutoka juu ambao si wa radi. Mzee Koti anasema ni milima inahema.

Aprili 6

Kinu kimepandwa na kichaa. Asubuhi kipimo chake kiliruka kutoka mita mbili hadi tano, kisha saba, kisha tarakimu ambayo sijawahi kuiona ukutani, halafu kikanyamaza. Taa nyekundu.

Mzee Koti akatazama Machimbo na Daraja chini yake, na Maporomoko juu yake. Zote kijani, zote zimetulia. Maji hayawezi kupanda mita saba mahali pamoja tu, akasema, na hapo alisema kweli. Ni kipimo kimeharibika. Nikakubali, maana nilitaka kukubali. Nikaandika "Kinu", nikabonyeza. Kijani.

Nimebaki nikijiambia Daraja ni zima, na Daraja ndilo lililo karibu na mama.

Aprili 8

Habari njema, ya kwanza tangu mwezi jana. Mto umepungua. Nimepita darajani nikaona watoto wanacheza kwenye mchanga uliokuwa chini ya maji juzi. Wanawake wamerudi kufua. Dada alifurahi mpaka akanialika kula.

Mama alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha. Maneno yake sasa hutoka kwa shida, unayangoja kama mtu anayetafuta funguo gizani. Aliniambia hausikii mto. Dada akasema masikio nayo yameanza. Nikamfuta mama mdomo, nikamwambia mto umepumzika, na yeye apumzike.

Aprili 10

Mvua haijakatika hata saa moja. Mto bado uko chini. Ukuta ni kijani, na vipimo vimekaa kimya kama maji ya ndoo.

Aprili 12



Dari la chumba cha nyuma limeanza kuvuja, tone linaangukia mgongoni mwa Yaya. Nilitaka tu kuisogeza meza. Waya haukufika, nikauchomoa, nikasogeza, nikaenda mbele kuomba kitambaa.

Ukutani taa zote zilikuwa nyekundu.

Nilisimama pale nikihesabu kama mtoto. Msituni, Maporomoko, Kinu, Machimbo, hao wanne najua ni wa Yaya, niliwapandisha kwa mkono wangu au nikiwa nimesimama pembeni. Lakini Daraja nalo lilikuwa jekundu. Nikakimbia nyuma, nikachomeka waya kabla robo saa haijafika, na taa zote tano zikarudi kijani kwa wakati mmoja. Mzee Koti alikuwa amesimama mlangoni.

"Daraja ni mtoto wa Yaya tangu lini?" nikamwuliza.

Aliutazama waya. Nikadhani anatafuta uongo. Hakuwa anatafuta uongo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

"Kabla hujaja," akasema. "Nilisahau. Amekuwa kijani muda mrefu, nikamzoea."

Nikamkalisha chini nikamweleza, ingawa uso wake ulikuwa umeshaelewa. Yaya humtazama jirani aliye kijani. Mwanzoni majirani walikuwa masanduku ya kweli. Kisha wakafa mmoja mmoja, wakaja kukaa naye kwenye kadi, na kwenye kadi wote ni kijani. Kwa hiyo Daraja linamwuliza Machimbo maji yako wapi, naye Machimbo anamwuliza Daraja. Kinu kinamwuliza Maporomoko, naye Maporomoko anamwuliza Kinu. Wanajibizana wao kwa wao humo ndani ya waya mmoja, kwa adabu, na kila wakijibizana wanakubaliana zaidi. Tangu tarehe sita hakuna aliyeugusa mto. Na mimi kila asubuhi nimekuwa nikimpa dada majibu ya kompyuta inayozungumza peke yake.

Kisha nikawaza lile jingine. Mvua haijakatika. Mto umepungua. Na Kinu, kabla hakijanyamaza, kilisema maji yako mita saba na yanapanda.

Nikamwuliza Mzee Koti maji yote hayo yako wapi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema pale kati ya Kinu na Machimbo bonde ni jembamba. Mlima ukiporomoka mahali pale, unaziba.

Nilimchukia kwa muda kama saa nzima. Kisha nikakumbuka nani aliyebonyeza.

Aprili 13

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Nasema hili ili nimtendee haki.

"Unataka niwapandishe watu kilimani kwa sababu mto umepungua?" akaniuliza.

Ukiisikia hivyo, mwenye kichwa maji ni mimi. Nikamwambia ukuta haupimi kitu. Akauliza mbona makao makuu wameridhika nao. Nikamwambia angalau awashe king'ora kwa ufunguo wake. Akanikumbusha muuza mkaa, kwa sauti yake ile ya pole, na akamtazama Mzee Koti wakati akisema. Mzee akainamisha kichwa. Halafu Meneja akafunga chumba cha nyuma na kutia ufunguo mfukoni, ili nisije nikachomoa waya tena kwa bahati mbaya.

Jioni nilikwenda kwa dada. Shemeji amesafiri kupeleka mageti aliyochomelea, hatarudi mpaka wiki ijayo. Nikamwambia tumtoe mama kesho. Akaniuliza tutamtoa na nani. Jirani fundi viatu alikuwa pale, akatoa simu akanionyesha ujumbe wa asubuhi kutoka ofisini kwetu, picha ya taa tano.

"Kila siku umeniambia kijani," dada akasema. "Mto nauona kwa macho yangu, umepungua. Leo unataka nimbebe mama kwenye mvua hii, alale wapi?"

Nikamwambia nilikuwa namdanganya bila kujua. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama tulipokuwa wadogo nikivunja kitu.

"Sasa nitajuaje kama leo hunidanganyi bila kujua?"

Nimelala kwake, kwenye mkeka karibu na mama. Mama ananishika kidole kwa mkono wake mzima.

Aprili 16

Tuko kwenye shule ya kilimani, darasa la pili. Nitaandika kwa mfuatano maana nikiruka nitashindwa.

Juzi asubuhi Mzee Koti alinikuta nje ya ofisi akiwa na pikipiki ya kazi na sanduku la akiba mgongoni. Alisema Meneja anaamini ukuta tu, basi tuupe ukuta neno la kweli. Sanduku hilo alikuwa ameshaliandikia anwani ya Kinu. Tukaenda mpaka pikipiki ilipokwama kwenye tope, tukapanda kwa miguu tukishikana mikono ya makoti.

Kinu cha zamani cha kusaga nafaka hakikuwepo. Palikuwa na ziwa. Maji ya rangi ya chai yalijaa bonde kutoka upande huu hadi ule, yametulia kabisa, na katikati ilichomoza ncha ya paa la mabati. Miti ilikuwa imesimama ndani ya maji mpaka kwenye matawi. Upande wa chini, pale bonde linapobana, mlima wote ulikuwa umelala chini, udongo na mawe na magogo, na maji yalikuwa yakichungulia juu yake. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa mvua. Sijawahi kuogopa kitu kilichotulia namna ile.

Tulifunga sanduku kwenye mti, tukatumbukiza kipimo, tukaliwasha. Nikampigia Meneja nikamwomba autazame ukuta.

"Kijani," akasema.

"Endelea kutazama Kinu."

Akangoja. "Imewaka nyekundu." Nikashusha pumzi. Halafu akasema, "Sasa imerudi kijani."

Tukangoja tena. Ikawa vile vile, nyekundu kidogo, kisha kijani. Meneja akasema ni hitilafu ya mvua, na kwamba nirudi kazini kabla hajaniandikia barua. Akakata.

Mzee Koti alikuwa ameegemea mti. Alielewa kabla yangu. Yaya bado alikuwa anaitikia jina la Kinu. Wawili wenye anwani moja kwenye mtandao mmoja, na ukuta humsadiki aliyesema mwisho. Sanduku letu husema kila baada ya dakika kadhaa ili kutunza betri. Yaya husema kila baada ya sekunde chache, na hachoki.

"Yaya anaongea zaidi," akasema. Ndiyo maneno aliyoyasema tukiwa tumesimama pale, na maji yakaanza kupita juu ya kifusi, kamstari kembamba keupe.

Tuliteremka kwa kuanguka zaidi kuliko kwa kutembea. Alinishusha kwa dada. Nikamwuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kumchomoa waya yule mwanamke wa chini ya meza. Nilikaribia kucheka. Ndivyo tulivyoagana.

Yaliyofuata ofisini nimeyapata kwa mhudumu wa mapokezi. Mzee alichukua nyundo akavunja kitasa cha chumba cha nyuma. Meneja alimshika koti, naye akalivua akamwachia mkononi. Akauchomoa waya, akaukata kwa koleo ili usichomeke tena, akasimama mlangoni robo saa nzima akiwa na nyundo, mpaka king'ora kilipolia. Kisha akamwambia mhudumu kwamba anakwenda darajani, watu wasije wakakanyagana.

Mimi wakati huo nilikuwa nabishana na dada. King'ora ndicho kilichomaliza ubishi. Fundi viatu alikuja mbio na mkewe, akang'oa mlango wa chumbani kwa mikono mitupu, tukamlaza mama juu yake, tukambeba watu wanne. Njia ilikuwa imejaa watu lakini ilikwenda. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba ilikwenda. Tulipofika darajani nilimwona Mzee Koti amesimama katikati, ndani ya shati tu, amelowa, ananyoosha mikono akiwagawa watu mistari miwili, akina mama na wabebaji huku, wenye mizigo kule. Alikuwa akipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alituona, akatupisha upande wake. Hakusema kitu kwangu kwa sababu alikuwa na watu wengi nyuma yangu.

Maji yalifika tukiwa karibu na lango la shule. Sikugeuka. Dada aligeuka, na aliponiangalia tena nikajua daraja halipo.

Nyumba ya dada haipo. Mama ni mzima, ana kikohozi. Hakuna aliyekanyagwa. Mke wa Mzee Koti yuko darasa la pili pamoja nasi, karibu na dirisha. Amenijia mara mbili kuniuliza mumewe alikuwaje asubuhi ile, kama alikuwa amekula. Nilimwambia ndiyo, alikula. Sijui kama alikula.

Aprili 17

Mvua. Hajapatikana.

Aprili 19

Shemeji amerudi, amevuka kwa magogo yaliyolazwa pale lilipokuwa daraja, na jana yeye na vijana wengine walipanda juu kutazama. Kifusi kimevunjika upande mmoja tu. Nusu ya ziwa bado ipo.

Asubuhi hii Meneja alikuja shuleni. Amekonda. Alimpa pole mke wa Mzee Koti, alimpa pole mama, alikumbuka hadi kikohozi chake. Kisha akaniita pembeni. Ofisi iko upande wa juu, akasema, maji hayakuifikia, Yaya ni mzima na amenunuliwa waya mpya. Makao makuu wanaona taa tano nyekundu na wanapiga simu kila saa. Watu wamebanana madarasani, watoto wameanza kuharisha, wako wengi ambao nyumba zao zimesimama bado na wanataka kurudi. Angehitaji tu nikae kwenye kiti nusu saa, nimrudishie Yaya watoto wake.

Nikamwambia siwezi. Hakukasirika. Akasema anaelewa, nipumzike, na kwamba Mzee aliwahi kumwonyesha jinsi ilivyo rahisi.

Mchana simu zikalia darasa zima kwa pamoja. Picha ya taa tano, zote kijani, na chini yake: vituo vyote vinafanya kazi, hali ya mto ni ya kawaida, wakazi wanaruhusiwa kurudi.

Watu walishangilia. Mikeka ikaanza kukunjwa, masufuria yakagongana. Fundi viatu, ambaye chumba chake kimoja kimebaki, alimwambia dada kwamba wanaweza kukaa wote humo kwa muda, na dada akaanza kufunga furushi. Mama alinitazama mimi, si furushi.

Nilikwenda nikaketi kwenye kizingiti cha mlango, hivi kwamba kila aliyetaka kutoka ilibidi aniruke. Nikawaambia. Niliwaambia kwamba taa zile tano ni kadi moja kwenye kompyuta moja chini ya meza. Kwamba nne kati ya hizo nilizipandisha mimi, kwa mikono hii au nikisimama pembeni, na nilijisifu. Kwamba Mzee Koti alikufa kwa kuuchomoa waya huo, na leo umechomekwa tena. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu na sikuweza kumtazama. Mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa, kwa hiyo mengine nikayarudia mara mbili.

Fundi viatu aliniinamia. Alikuwa na mkeka begani.

"Sasa niambie kweli. Mto ukoje huko juu?"

Msimu mzima nimeulizwa swali hilo, na msimu mzima nimekuwa na jibu.

"Sijui," nikamwambia. "Hakuna anayejua."

Kisha wengine walianza kuniruka, mmoja mmoja, wakiomba radhi kwa adabu, pamoja na watoto wao na magodoro yao. Walikuwa wengi. Fundi viatu alirudi ndani akakaa. Nilipogeuka nikamwona dada ameweka furushi chini, na anamfunika mama miguu.

Mvua bado inanyesha.